Rudisha Neno

Papa alijua neno moja tu la Kiingereza, na ndilo lililotulisha.

Alikuwa mtu wa foni. Pale Shabunda, kabla ya minara ya simu, foni ilikuwa redio ya mawasiliano: kisanduku cha Codan juu ya meza, kipaza sauti chenye waya uliojiviringa kama mkia wa nguruwe, betri ya gari chini ya meza, paneli ya jua juu ya bati, na nje waya mrefu wa antena, huku umefungwa kwenye mchikichi, kule kwenye mwanzi. Mashine ilikuwa ya mfanyabiashara mmoja wa madini. Papa alileta sikio lake na mwandiko wake. Asubuhi aliongea mambo ya patron: kilo za kasiterite, yaani mawe ya bati, magunia ya chumvi, ndege inatoka Kavumu saa ngapi. Mchana mashine iliachiwa watu, kila mtu na dakika zake, kwa kulipa.

Mbele yake kulikuwa na kaye yenye mistari aliyoichora kwa rula. Safu nne: saa, nani anaita, anamwita nani, neno. Safu ya mwisho ilikuwa pana kuliko zote, kwa sababu hapo ndipo maisha ya watu yalipoandikwa. Kila ujumbe ulipokwisha, Papa alibonyeza kitufe, akasema neno lake kwa sauti ya chini, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mgonjwa: “Oke.”

Asiyeijua Shabunda hawezi kujua uzito wa neno hilo. Ndiyo teritori kubwa kuliko zote za Kivu Kusini, zaidi ya kilomita za mraba 25,000, karibu zote msitu. Barabara ya taifa namba 2, inayotakiwa kutuunganisha na Bukavu, ni zaidi ya kilomita 300, na kwa miaka mingi ilikuwa hai kwenye ramani tu. Ardhini ilikuwa matope, magogo yaliyooza mahali pa madaraja, na vijana wanaosukuma baiskeli zilizobeba mafuta ya mawese. Kwa ndege ndogo, safari hiyo hiyo haifiki saa moja. Kwa hiyo tuliishi kwa ndege. Chumvi ilitoka mbinguni, sabuni ilitoka mbinguni, hata kaye ya Papa ilitoka mbinguni. Na ndege haikuja bila foni. Mtu wa uwanja wa Kavumu, kule Bukavu, aliuliza: uwanja wenu umekauka? Mvua imepita? Papa alitoka nje, akatazama mawingu upande wa mto Ulindi, akarudi, akasema oke. Chumvi ikapaa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini neno la Kiingereza. Shuleni tulifundishwa kwa Kifaransa. Nyumbani tulisema Kilega, sokoni Kiswahili. Hata kwenye foni kwenyewe maneno mengine yalikuwa ya Kifaransa yaliyovishwa kitenge: “Unanikopi?” “Nakukopi mbaya, panda kidogo.” Lakini mazungumzo yalipofika mwisho, hakuna aliyesema dakori. Walisema oke.

Nadhani tulilipokea uwanjani. Marubani wengi wa zile Antonov na Let walikuwa watu wa Urusi na Ukraine. Hawakujua Kifaransa wala Kiswahili, na Kiingereza chao kilikuwa cha kuhesabu kwa vidole. Vijana wetu wa kupakia nao walikuwa na Kilega na nguvu za mabega. Kati yao lilibaki neno moja. Namwona mpaka leo yule rubani mwenye shingo nyekundu, amesimama kwenye mlango wa ndege, mkono mmoja umeshika paa. Gunia la kasiterite ni dogo, mtoto anaweza kulikumbatia, lakini ukitaka kuliinua utadhani limeota mizizi. Linapita moja, la pili, la tatu; anahesabu kwa macho, anatazama magurudumu jinsi yanavyobonyea, kisha anatoa kidole gumba: “Oke.” Siku nyingine kijana anakuja na gunia la mwisho, ameahidiwa na patron kwamba litaingia. Rubani anakunja uso, anasukuma hewa kwa kiganja: “No oke.” Gunia linarudi chini. Hapakuwa na rufaa. Tuliokuwa watoto tulidhani oke ni jina la idhini ya kuruka.

Babu yangu mzaa baba hakulipenda. Si kwa sababu ni la wageni. Alikuwa amezoea vitu vya wageni tangu Wabelgiji walipochimba bati kwetu, na tangu kampuni ya Sominki ilipoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha makampuni ya zamani. Aliiona bei ya bati ikianguka mwaka 1985, akawaona vijana wa kampuni wakirudi kijijini na makoleo yao kuchimba kivyao. Hakulipenda oke kwa sababu ni fupi. Yeye alikuwa mtu wa wakati wa ngoma ya mti, ile iliyochongwa kwenye gogo lenye mdomo mwembamba. Kwa Walega wa zamani kila mwanamume mwenye heshima alikuwa na jina lake la ngoma, si neno moja bali sentensi nzima, na ngoma ilipoita, kijiji cha pili kilijua ni nani anayetakiwa na kwa jambo gani.

Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini majina yale yalikuwa marefu. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyeishi miaka mingi na Walokele upande wa Kisangani, alilieleza jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1949 kuhusu ngoma zinazoongea. Ngoma haina konsonanti wala irabu. Ina sauti ya juu na ya chini tu. Kwa Kilokele, mwezi na kuku ni mapigo yale yale. Kwa hiyo mpiga ngoma haachi neno peke yake. Analipa mkia: mwezi ule unaotazama chini duniani, kuku yule mdogo mwenye kulia hivi na hivi. Msitu ukimeza nusu ya ujumbe, nusu iliyobaki inatosha. Babu alisema hivyo hivyo bila kitabu: “Neno fupi, mtoto wangu, ni kama kifaranga. Likipita kwenye majani halionekani tena.” Papa alicheka. Betri ya foni haikuwa na nguvu za majina marefu.

Kisha vikaja vita vya pili vya Kongo, Agosti 1998, nikiwa na miaka minane. Mji ukashikwa na waasi wa RCD pamoja na jeshi la Rwanda. Msitu ukawa wa wanamgambo wa Mai-Mai. Katikati yao walikuwa akina mama waliotakiwa kula, na mashamba yalikuwa huko nje. Yaliyowapata njiani yameandikwa na wengine, na sitaki kuyarudia hapa kana kwamba yalikuwa yangu. Nitasema tu yale niliyoyaona nikiwa nimekaa chini ya meza, karibu na betri, ambapo Papa aliniruhusu kukaa nikinyamaza.

Jumamosi ilikuwa siku ya familia. Jamaa walioko Bukavu walijipanga kwenye foni ya huko, na wa kwetu walijipanga kwenye benchi la Papa. Sasa, foni si simu. Wimbi ni moja, na kila mwenye mashine katika wimbi hilo anakusikia: mfanyabiashara wa Lulingu, askari wa Kigulube, mtu wa msituni aliyepora redio mwezi uliopita. Mara nyingine mwenye bunduki alikaa mlangoni, anachokonoa meno, anasikiliza. Kwa hiyo swali lilitoka Bukavu likiwa na kelele kama mafuta yanayokaanga: “Muko oke?” Na jibu lilirudi: “Tuko oke.”

Nakumbuka mama mmoja aliyeshika kipaza sauti kwa mikono miwili, kama mtu anayekunywa maji kwenye kibuyu. Wiki ile tulijua wote kilichompata nyumbani kwake. Mdogo wake aliuliza kutoka Bukavu: watoto? Oke. Nyumba? Oke. Na wewe mwenyewe, Yaya? Hapo akakaa bila kubonyeza kitufe, mafuta yakakaanga, yakakaanga, halafu akasema: “Tuko tu oke.” Akalipa. Hakuondoka, alikaa kwenye benchi mpaka jua likashuka, na hakuna aliyemwambia ainuke. Papa alichukua krayo, akaandika saa, jina lake, jina la mdogo wake. Kwenye ile safu pana ya mwisho aliandika herufi tatu.

Usiku nilimuuliza: “Papa, mbona alisema oke?”

“Hakusema oke,” Papa akajibu. “Alisema *tu* oke. Mwenye kumujua atasikia.”

Hapo ndipo nilipoanza kulitilia shaka neno lenyewe, ingawa sikuwa na akili ya kulieleza. Rubani akisema oke, maana yake nimekubali. Papa akisema oke, maana yake nimesikia. Yule mama akisema oke, maana yake usiniulize zaidi. Herufi ni zile zile.

Vita vilipoa kidogo. Jeshi la Rwanda liliondoka mwishoni mwa 2002, serikali ya mpito ikaanza katikati ya 2003, na bei ya kasiterite ikapanda mwaka uliofuata mpaka wachimbaji wakaanza kununua magodoro ya sponji. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na Papa alianza kuniachia mashine alipokwenda kula. Nilijiona mkubwa kuliko mwalimu wangu. Nilishika kipaza sauti, nikaikunja sauti, nikasema oke kwa puani kama yule rubani.

Tarehe 2 Juni 2004, Bukavu ilianguka mikononi mwa askari waasi wa Jenerali Laurent Nkunda na Kanali Jules Mutebusi. Miaka yote Bukavu ndiyo iliyokuwa ikituuliza sisi wa msituni kama tuko wazima. Wiki ile mambo yaligeuka. Benchi la Papa lilijaa, uwanja ulijaa, watu walikaa mpaka chini ya mchikichi wa antena. Kila mmoja alikuwa na mtoto wa shule Bukavu, au mgonjwa, au mume aliyekwenda kuuza. Sasa Shabunda ndiyo iliyouliza: “Muko oke?” Na Bukavu haikujibu, au ilijibu kwa vipande.

Siku ya nne au ya tano, Papa hakuwa amelala. Alinikabidhi mashine akaenda kujimwagia maji. Hapo hapo sauti ikaingia, ya mwanamume, mbali, mafuta yanakaanga. Alikuwa anamtafuta mama mmoja wa kwetu, muuza samaki wa moshi, ambaye watoto wake wawili walisoma Bukavu. Mama mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ameenda kanisani kuomba. Nikakopi. Nilisikia hivi: watoto ni wazima. Wametoka... Walungu... Mama... kuje Bukavu. Na tena, kabla wimbi halijafa: Mama... kuje.

Watu walikuwa wananitazama. Ningeweza kusema: rudisha, sikusikia vizuri. Lakini kijana wa miaka kumi na minne, mbele ya umati, na kipaza sauti mkononi, haombi kurudishiwa. Nikabonyeza. Nikasema kwa puani: “Oke.” Nikaandika kwenye safu ya mwisho: *Watoto wazima. Mama akuje Bukavu.*

Wanaosema Kiswahili cha kwetu wameshaliona shimo. Sisi hatusemi aje na asije. Tunasema akuje na asikuje. Kati ya njoo na usije kuna silabi moja nyembamba, *si*, ambayo hata mtu aliye karibu anaweza kuikosa kuku wakilia. Mtu yule alikuwa amesema asikuje. Watoto walikuwa wametoka Bukavu na mjomba wao, wamepita Walungu, wanarudi nyumbani kwa miguu na kwa lifti yoyote itakayopatikana. Mama asitoke, awangojee.

Ndege ziliporudi, mama aliuza samaki wake wote kwa bei ya hasara, akakopa kilichobaki, akapanda ya kwanza. Alikaa Bukavu wiki nzima akizunguka kwenye parokia na shule, anawauliza watu wasiomjua. Baada ya siku nyingine kadhaa watoto wakatokea Shabunda, miguu imevimba, na kukuta mlango umefungwa kwa kamba. Msichana alikuwa na miaka kumi na mbili. Aliketi kizingitini, akaanza kuvua viatu polepole, kama mtu anayeona kwamba sasa hakuna haraka tena.

Jirani alituita. Papa alienda, akawaleta kwetu, akawapa bugali na sombe. Walipolala, alileta kaye, akaifungua mbele yangu kando ya taa.

“Ulisikia nini?”

“Banasema akuje.”

“Akuje, ao asikuje?”

Nikanyamaza.

“Ulimuuliza arudishe?”

“Nilisema oke.”

Papa hakunipiga. Ningependa angenipiga. Aliweka kidole juu ya mwandiko wangu, akasema taratibu: “Oke inasema sikio yako iko. Haisemi kenye imeingia ndani.” Kisha akachukua rula, akachora mstari mpya kwenye kila ukurasa uliobaki, akapata safu ya tano, nyembamba, iliyobanwa pembezoni. Juu yake akaandika: *imerudishwa*. Tangu siku ile, hakuna ujumbe uliopita mezani kwake bila aliyeupokea kuusema tena wote, neno kwa neno, na aliyeutuma kusikia maneno yake yakirudi. Watu walilalamika kwamba dakika zao zinaliwa. Papa alisema atalipa yeye. Na tiketi ya yule mama ya kurudi aliilipa kweli, kwa redio yake ya kaseti na mbuzi mmoja.

Mama aliporudi, hakunisema. Alinipa samaki. Miaka ishirini imepita na samaki yule hajashuka kooni.

Mimi nikaishia kuwa mwalimu wa Kiingereza Bukavu. Pengine ilikuwa namna ya kwenda kulitafuta neno lile nyumbani kwake. Mwanafunzi wa kwanza kuniuliza OK ni kifupi cha nini alinikuta sijui, nikasema nitamletea jibu, nikalitafuta.

Jibu lilinichekesha, kisha likanihuzunisha. Neno lilizaliwa likiwa kosa la makusudi. Boston, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1830, waandishi wa magazeti walikuwa na mchezo wa kufupisha maneno kwa kuyaandika vibaya. Tarehe 23 Machi 1839, gazeti la Boston Morning Post lilichapa o.k., kama vile mtu asiyejua kuandika angefupisha maneno ya Kiingereza “all correct”, yaani “yote sahihi”. Yaani hakuna hata herufi moja iliyo sahihi, na bado linasema yote ni sahihi! Vifupisho vingine vya mchezo ule vilikufa. Hiki kiliokolewa na siasa: mwaka 1840 Rais Martin Van Buren aligombea tena, na kwa kuwa alizaliwa Kinderhook katika jimbo la New York, wafuasi wake walimwita Old Kinderhook, wakaanzisha vilabu vya O.K. Van Buren alishindwa uchaguzi. Neno lake likabaki madarakani. Kisha telegrafu ikalipenda, kwa sababu ile ile iliyomfanya Babu alichukie.

Yote haya yalithibitishwa na mtaalamu wa lugha Allen Walker Read katika makala zake za 1963 na 1964. Kabla na baada yake watu walidai mengine. Rais Woodrow Wilson aliliandika okeh akiamini ni la Wahindi Wekundu wa Choctaw. Wengine walilipa asili ya Kigiriki. David Dalby alilihusisha na Kiwolofu, akisema lilivuka bahari na watumwa. Ningefurahi sana liwe la Kiafrika. Ningempelekea Babu habari hiyo kaburini. Lakini yale magazeti ya Boston yapo.

Darasani nilianza kulifundisha kwa kulivunja. Niliandika ubaoni maneno yetu. Naam: nimesikia unaniita. Sawa: nimekubali. Mzima, au salama: sina ubaya. Haya: tuendelee, hata kama moyo hautaki. Ndiyo: ni kweli. Kiswahili kiliajiri watu watano kwa kazi tano. OK imekuja, ikawafukuza wote, ikafanya kazi yao peke yake kwa mshahara wa herufi mbili. Vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wamejaribu kuipinga kwa poa, kwa fiti, kwa freshi, lakini hayo nayo yanasema hali tu. Hayakuambii kama mtu alikusikia. Mwalimu akisema “OK, fungueni vitabu”, ni haya. Mama akisema “OK” baada ya kimya kirefu, si sawa hata kidogo. Wanafunzi walicheka, kila mmoja akaleta oke ya nyumbani kwao.

Halafu siku moja, nikitafuta habari nyingine, nikasoma juu ya Tenerife. Nikaifunga kompyuta, nikaenda nje kupumua.

Tarehe 27 Machi 1977, kisiwani Tenerife, Hispania, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia, ukungu umefunika uwanja. Rubani msaidizi wa KLM alisema kwa redio maneno yasiyoeleweka vizuri, kwamba wako katika kuruka. Mwongoza ndege mnarani akajibu OK, kisha akaendelea kuwaambia wasubiri, atawaita. Wakati huo huo watu wa Pan Am nao walibonyeza kitufe kusema bado wako barabarani. Sauti mbili zikagongana, redio ikapiga mluzi. Katika chumba cha marubani wa KLM lilifika wazi neno moja: OK. Waliokufa ni 583. Mpaka leo hakuna ajali ya ndege iliyoua watu wengi zaidi.

Tangu hapo sheria za redio za ndege zilikazwa. Neno la kuruka halitamkwi ovyo, ni kwa ruhusa yenyewe tu. OK peke yake haitoshi kuwa jibu la amri. Rubani anayepewa agizo kubwa lazima alirudishe lote, neno kwa neno, na mwongozaji asikilize maneno yake yakirudi. Wao walifika hapo kupitia ukungu na makaburi mengi. Papa alifika hapo kwa rula, usiku mmoja, kando ya taa ya mafuta, kwa sababu ya msichana aliyevua viatu kizingitini. Hakuna aliyemfundisha, na hakuwahi kusikia jina la Tenerife.

Siku hizi foni ile haipo. Mchikichi ulikatwa, antena ikawa kamba ya kuanikia nguo. Mnara wa simu unaonekana kutoka mtoni, na ukiwa na betri na uniti unaweza kumwandikia mtu aliyeko Ubelgiji. Watu wanaandika ok, wenye haraka wanaandika k peke yake. Kifaranga cha Babu kimekuwa kiroboto.

Papa amezeeka, na lile sikio lililotulisha sasa ni zito. Nampigia kila Jumapili kutoka hapa Kadutu, nikiwa nimepanda mahali penye mtandao mzuri. Jumapili iliyopita nilimwambia dawa yake ya presha imetoka na ndege, inamfikia Jumatano. Ameze kidonge kimoja asubuhi, asimeze viwili hata akisikia kichwa.

“Oke,” akasema.

“Papa, rudisha.”

Nikamsikia anakohoa, anavuta kiti. “Dawa ni Jumatano. Kimoja asubuhi. Nisimeze mbili.” Akapumzika. “Na miye sasa nasema: Desemba, ukuje.”

“Papa, kazi ni mingi...”

“Sikuuliza kazi. Nimesema ukuje. Rudisha.”

Nilisimama pale kilimani, simu sikioni, magari yakipiga honi chini yangu, nikahakikisha kwanza kwamba hakuna silabi iliyopotea.

“Umesema nikuje,” nikasema. “Desemba. Nitakuja.”

“Oke.”